Mafunzo ya usalama wa mtandao yapelekwe kaunta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wenye maduka, mawakala wa fedha, wenye steshenari, wauza vipodozi wa Instagram, mama lishe na kila anayepokea malipo kwa simu. Mafunzo ya usalama wa mtandao kwa wafanyabiashara wadogo hapa Tanzania siku hizi yapo, na ikifika Oktoba, mwezi ambao nchi nyingi huutumia kwa uhamasishaji huo, mialiko huwa mingi. Ni jambo jema. Tatizo ni kwamba mwenye duka huitwa ukumbini kutwa nzima, akaonyeshwa picha ukutani kuhusu wadukuzi na virusi, akapewa cheti, ilhali dukani amemwacha binti au kijana wa kuuza. Tapeli hana shida na mwenye cheti. Anamfuata yule aliyebaki kaunta saa kumi na mbili jioni, wateja wanne wamesimama na wa tano anapiga honi nje.

Ombi langu kwa wanaoandaa mafunzo haya ni hili: mfundisheni anayesimama kaunta, hapohapo kaunta, kwa simu ileile anayopokelea pesa, na mumfanyishe mazoezi hadi mkono wake uzoee. Naomba nieleze afundishwe nini hasa, maana ushauri wa jumla wa "kuwa makini" haumsaidii mtu mwenye foleni mbele yake.

Tuanze na meseji ya malipo, kwa sababu ndiyo inayoondoka na mali nyingi za watu wadogo. Mteja anachukua mifuko ya saruji, anabonyeza simu, anasema, "Bosi, nimeshalipa, angalia meseji." Meseji kweli imeingia. Ina jina la mtandao juu, ina kiasi, tarehe, saa na namba ya muamala. Muuzaji anasoma, mzigo unapakiwa kwenye bodaboda, na pesa haikuwahi kuingia. Meseji hiyo hutengenezwa kwa njia tatu. Ya kwanza, tapeli ananakili maneno ya meseji halali na kuyatuma kwa namba ya kawaida, akitegemea muuzaji hatatazama juu. Ya pili, mtu aliomba simu ya dukani "apige mara moja", akahifadhi namba yake kwa jina la huduma ya fedha. Tangu hapo kila atakachotuma kinaonekana kimetoka kwenye mtandao. Ya tatu, meseji hupitishwa kwenye huduma za kutuma ujumbe kwa wingi ambazo baadhi yake huruhusu jina lolote liwekwe. Simu yako hupanga meseji kwa jina la aliyetuma tu, kwa hiyo ile ya uongo inakaa chini ya zile za kweli, kwenye mfululizo mmoja.

Hiyo ya tatu ndiyo inayoonyesha udhaifu wa somo linalotolewa karibu kila ukumbi, la "angalia jina la mtumaji na makosa ya tahajia". Jina linaweza kuwa sahihi na tahajia ikawa safi. Kanuni inayosimama ni moja: mzigo hutoka baada ya salio kuongezeka. Muuzaji apige menyu ya huduma mwenyewe, *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa ile iliyokuwa Tigo Pesa na sasa ni Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa, aangalie salio. Kaunta iwe na daftari lenye salio la mwisho. Kama lilisomeka 412,000 na mteja anadai ametuma 85,000, salio lisome 497,000. Likisoma 412,000, anamwambia mteja kwa adabu kwamba pesa bado haijaingia na mzigo unabaki. Kama mtandao unasumbua, jibu ni lilelile. Mteja wa kweli hukasirika kidogo kisha husubiri. Tapeli hukumbuka ghafla kwamba ana safari.

Hapa kuna kasoro ambayo mafunzo mengi hayaigusi. Katika maduka mengi, laini inayopokea malipo ya lipa namba iko mfukoni mwa mwenye duka, naye yuko nyumbani au yuko Kariakoo anafunga mzigo. Muuzaji hana cha kutazama isipokuwa kioo cha simu ya mteja. Hapo hata afundishwe mwaka mzima hawezi kujilinda. Simu inayopokea taarifa za malipo ikae dukani, hata kama ni kitochi. Ikishindikana kabisa, mwenye duka akiulizwa asijibu "sawa" au kidole gumba, ajibu kwa kiasi na jina alilolisoma kwenye menyu yake: "85,000, imeingia, jina fulani." Jibu la "sawa" limeshapoteza mizigo mingi, kwa sababu mwenye duka naye alikuwa ameisoma meseji ileile ya uongo.

Kwa wakala wa fedha hesabu inageuka kidogo na inabidi ifundishwe peke yake. Mteja anapotoa pesa taslimu, salio la laini ya wakala hupanda. Mteja anapoweka, salio hushuka. Anayetaka kupewa 150,000 mkononi lazima kwanza alifanye salio la wakala lipande kwa 150,000. Ukiiweka hivyo, wakala mgeni anaielewa kwa dakika mbili na haisahau. Aongezewe jambo jingine: hakuna ofisa wa mtandao anayehitaji kushika simu ya uwakala ili "aisasishe", wala kumwomba apige tarakimu fulani "kuhamisha laini kwenda mfumo mpya". Anayevaa fulana ya kampuni na kitambulisho shingoni aombwe asubiri huku wakala akimpigia msimamizi wake wa eneo kwa namba aliyonayo siku zote.

Kisha ipo "nimekosea kutuma, naomba nirudishie." Wakati mwingine ni kweli mtu amekosea. Hata hivyo muuzaji asirudishe kwa kutuma mwenyewe. Aliyekosea apige huduma kwa wateja, 100, muamala urudishwe na mtandao. Sababu ni ya kihesabu: ukimtumia wewe, kisha naye akaomba mtandao urudishe ule wa kwanza, umelipa mara mbili. Na mara nyingi hakuna kilichoingia kabisa, ni meseji ile ya uongo pamoja na sauti ya mama anayelia kwamba ilikuwa ada ya mtoto. Muuzaji mwenye huruma ndiye anayeibiwa hapa, kwa hiyo apewe sentensi ya kusema, aizoee: "Pole mama, piga 100, wao watairudisha, mimi sitaigusa."

Ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii" kila mtu anaijua, lakini bado inafanya kazi, na inafaa kueleza kwa nini. Hutumwa kwa maelfu ya watu kwa pamoja, na kati yao lazima yupo aliyekuwa kweli anasubiri kuelekezwa pa kutuma. Mfanyabiashara yuko katika hali hiyo kila siku: anadaiwa na muuza jumla, na dereva wa fuso, na mwenye fremu. Dawa yake ni kuwa na orodha ya namba za malipo za wanaomdai, iliyoandikwa kwenye daftari kabla ya siku ya malipo. Namba ikibadilika, apige ile ya zamani na asikie sauti. Meseji kama hiyo itumwe kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli. Utajibiwa na kuombwa namba iliyokutumia. Haigharimu kitu.

Sasa laini yenyewe. Namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000, jambo linaloonekana kubwa hadi ukumbuke watu wanavyochagua. Anayetumia mwaka wake wa kuzaliwa ameubana uwezekano huo chini ya 100, na ukimwona usoni unaweza kuukisia ukabaki na kumi. Isiwe mwaka, isiwe tarakimu za mwisho za namba ya simu, isiwe ile inayofungua kioo cha simu. Na muuzaji akiacha kazi, namba ya siri ibadilishwe siku hiyohiyo kabla hajafika kwao, hata kama mmeachana kwa wema.

Kadi ya laini nayo ina kufuli lake, na wachache sana wanalijua. Simu ikiibwa, mwizi hahitaji kufungua kioo. Anachomoa laini, anaiweka kwenye simu nyingine, na namba zote za kuthibitisha zinazotumwa kwa meseji zinamfikia yeye. Ukiweka namba ya siri ya kadi ya laini, simu hiyo nyingine itaidai kabla ya kufanya chochote. Katika simu nyingi iko kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, kufunga kadi ya laini. Itakuuliza kwanza namba ya awali iliyokuja na laini, kisha uibadilishe. Tahadhari: ukikosea mara tatu kadi hujifunga na kudai PUK, yaani namba ya kufungulia kadi iliyojifunga, na ukikosea PUK mara kumi kadi imekufa. Kwa hiyo kabla ya kugusa mipangilio hiyo, mkufunzi ahakikishe kila mmoja ana PUK yake kwenye karatasi. Wapo waliofungiwa laini katikati ya somo kwa sababu mkufunzi alikimbia, na hao hawawezi kumsikiliza tena mtu yeyote kuhusu usalama.

Pia kila mtu apige *106# akague namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa cha NIDA. Tunasajili laini kwa alama za vidole, na hila inayojulikana ni ya msajili wa barabarani anayesema "haijasoma, weka tena kidole". Kidole cha pili kinaweza kuwa kinasajili laini nyingine kwa jina lako, itakayotumika kuwaibia wengine. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ikafungwe. Fanya hivyo kila baada ya miezi mitatu.

WhatsApp na Instagram kwa wengi sasa ndilo duka lenyewe. Kuibiwa akaunti ni sawa na kukuta mtu amebadilisha kufuli la fremu na anauza ndani kwa jina lako, akipokea malipo ya awali kutoka kwa wateja uliowajenga miaka mitano. Wizi wa WhatsApp huenda hivi: tapeli anaandika namba yako kwenye simu yake, WhatsApp inakutumia wewe tarakimu sita, naye anakupigia au anakuandikia kwa akaunti ya rafiki aliyemwibia jana: "Nimekutumia namba kwa makosa, nisomee." Ukisoma, umempa. Kinga ni ya dakika tatu. Fungua mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba ya siri ya tarakimu sita na barua pepe yako. Tangu hapo tarakimu za meseji peke yake hazitoshi. Kisha fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa uone kama kuna kompyuta usiyoijua inayosoma mazungumzo yako. Kama ipo, iondoe. Kwa wenye steshenari na wateja wao sehemu hii ni muhimu mno, kwa sababu watu huunganisha WhatsApp kwenye kompyuta ya dukani ili wachapishe faili, kisha huondoka bila kujitoa.

Kuna njia nyingine isiyohitaji usome chochote. Unaambiwa upige tarakimu zinazoanza na *21* au **21*, ikifuatiwa na namba fulani na alama ya reli, eti uongezewe bando au laini isifungwe. Hizo huelekeza simu zako zote kwa namba hiyo. Tapeli kisha anaiomba WhatsApp isome tarakimu kwa kupiga simu badala ya meseji, na simu inaita kwake. Kukagua, piga *#21#. Kufuta maelekezo yote, piga ##002#. Kila muuzaji apige *#21# mbele ya mkufunzi na asome jibu kwa sauti.

Akaunti ikishachukuliwa, watu wengi hukata tamaa wakati bado wana nafasi. Sakinisha WhatsApp upya, andika namba yako, weka tarakimu zitakazokuja kwa meseji. Hapo hapo tapeli hutolewa. Kama aliweka hatua mbili zake, utaambiwa usubiri siku saba kabla ya kuingia, lakini katika siku hizo naye hayumo. Hilo pekee linaokoa wateja. Wakati unasubiri, wapigie wateja wakubwa na weka tangazo kwenye mitandao mingine.

Kuhusu Instagram nitasema mawili tu. Ujumbe unaodai kwamba ukurasa wako umevunja hakimiliki na utafutwa ndani ya saa 24 usipobonyeza linki, ni wa kupuuzwa; taarifa za kweli huzikuta ndani ya mipangilio ya akaunti. La pili linauma zaidi: ukurasa wa biashara usifunguliwe kwa barua pepe au namba ya kijana anayeuendesha. Kisheria na kiutendaji utahangaika kuthibitisha kwamba ni wako siku akiondoka. Barua pepe iwe ya biashara, nenosiri liwe la mwenye biashara, na namba za akiba za kuingilia zichapishwe na kuhifadhiwa pamoja na leseni.

Wanaoagiza bidhaa Guangzhou, Yiwu au Dubai wanahitaji somo lao, kwa kuwa huko ndiko mtu hupoteza mtaji wote kwa siku moja. Mwizi huingia kwenye barua pepe ya muuzaji wa nje au ya mwagizaji, na halafu hafanyi chochote. Anasoma. Wiki mbili, mwezi, anajifunza bei, idadi ya kontena, hata mnavyosalimiana. Siku ya kulipa inapofika anatuma ankara ileile, nembo ileile, mhuri uleule, akiwa amebadilisha akaunti ya benki tu, na maelezo kwamba ya zamani "iko kwenye ukaguzi". Anwani ya barua pepe inaweza kutofautiana herufi moja: r na n zikikaa pamoja zinafanana na m, na l ndogo inafanana na I kubwa. Kama ameingia kwenye sanduku lenyewe, hata herufi hazitofautiani.

Hivyo basi kila badiliko la akaunti lithibitishwe kwa sauti au kwa video, kwa namba iliyokuwapo kabla ya badiliko, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye ankara mpya. Jina la mwenye akaunti lifanane na jina la kampuni, na benki iwe katika nchi ya muuzaji. Kiwanda cha Zhejiang, China, kikiomba alipwe mtu binafsi aliye nchi ya tatu, simamisha malipo papo hapo. Kisha mwagizaji afungue mipangilio ya barua pepe yake, sehemu ya kuelekeza barua na sehemu ya vichujio. Wezi hupenda kuacha humo kanuni inayopeleka nakala ya kila barua kwao, au inayoficha barua za muuzaji halisi. Kubadilisha nenosiri bila kufuta kanuni hiyo ni kufunga mlango ukiacha dirisha wazi. Kama pesa imeshatoka, ipigie benki saa hiyohiyo uombe malipo yasimamishwe na benki inayopokea ijulishwe. Kila saa inayopita, uwezekano wa kuikuta unapungua.

Kompyuta za steshenari na maduka ya dawa nitazigusa kwa machache. Nyingi ni mitumba inayotumia Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, au Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Wapo wanaouliza madhara yake ni nini ikiwa inawaka. Mfano ni WannaCry, Mei 2017: virusi hiyo ilifunga mafaili ya watu na ofisi katika nchi zaidi ya 150 ikidai malipo, na kiraka (sasisho) cha kuziba tundu iliyolitumia kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikusasishwa. Programu zilizovunjwa kufuli ili zitumike bila kulipiwa, zinazokuja kwenye flashi ya fundi huongeza hatari, kwani hatua yake ya kwanza ni kukuambia uzime antivairasi.

Nakala rudufu ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya duka. Diski ya nje ichomekwe wakati wa kunakili tu, jioni, kisha ichomolewe. Inayobaki imechomekwa hufungwa na virusi pamoja na kompyuta. Na mara moja kwa mwezi fungua faili moja kutoka kwenye nakala hiyo. Wengi hugundua diski ilikufa zamani siku wanapoihitaji.

Steshenari ina mzigo mwingine: vitambulisho, vyeti na mikataba ya wateja iliyorundikana kwenye kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na haimsamehi mtu kwa kuwa duka lake ni dogo. Mafaili ya wateja yafutwe kila jioni, pamoja na kwenye pipa la taka la kompyuta. Mteja akifungua barua pepe yake afunguliwe dirisha la faragha ili likifungwa liondoke na kila kitu. Daftari la wakala lenye majina na namba za watu lisiachwe wazi kaunta. Matapeli hupiga picha ukurasa mmoja na kupata majina thelathini ya kupigia simu wakiwataja kwa jina na kiasi walichoweka.

Na kamera za ulinzi, kwa kuwa zimeingia kila mtaa: badilisheni nenosiri lililokuja nazo. Mwaka 2016 programu ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi duniani kwa kujaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60. Orodha fupi kiasi hicho ilitosha.

Haya yote hayafundishiki kwa siku moja. Yagawanywe wiki tano, nusu saa kila wiki, saa nane mchana duka linapopoa. Wakusanyike wauzaji sita hadi wanane wa mtaa mmoja kwenye duka la mmoja wao. Dakika kumi maelezo, ishirini mikono kwenye simu. Wiki ya kwanza meseji na salio, ya pili laini, ya tatu WhatsApp na Instagram, ya nne barua pepe na kompyuta, ya tano saa ya kwanza baada ya kuibiwa. Baada ya mwezi, kwa ridhaa ya wenye maduka, mkufunzi atume mtu na meseji ya uongo ya majaribio bila kuwaambia wauzaji, ahesabu wangapi wametoa mzigo. Hesabu hiyo ina thamani kuliko idadi ya vyeti.

Atakayenaswa asiaibishwe, na hapa nawasihi wenye maduka. Muuzaji anayejua kwamba hasara itakatwa kwenye mshahara wake huficha. Anaficha hadi jioni, hadi kesho, akijaribu kumpigia tapeli arudishe. Hizo ndizo saa ambazo pesa ingeweza kuzuiwa. Mkubaliane mapema: anayetoa taarifa ndani ya dakika kumi hakatwi. Kama amefuata kanuni ya salio, hana kosa. Kama hakuifuata, mfundishe tena.

Wa kulibeba hili wapo. Mitandao ya simu ina wasimamizi wanaozunguka kwa mawakala kila wiki. Waongezewe nusu saa. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, wana ofisi mikoani. Halmashauri zinapovipa mafunzo vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kabla ya mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, somo la salio na la laini yaingizwe hapo, kwa kuwa mkopo huo hupokelewa na watu ambao kesho yake watapigiwa simu na "ofisa wa mkopo".

Na kila duka lipewe karatasi moja ngumu ya saa ya kwanza, maandishi makubwa: piga 100 uombe muamala uzuiwe, taja namba ya muamala, kiasi na saa, piga benki kama laini imeunganishwa na akaunti, badilisha namba ya siri, piga picha meseji zote wala usifute hata moja, maana polisi watazihitaji chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nenda kituoni uandikishe upate namba ya taarifa, mwisho, tuma meseji ya tapeli kwenda 15040. Ziwepo nafasi za kuandika kwa kalamu namba ya mwenye duka, ya benki na ya msimamizi wa eneo. Ibandikwe upande wa ndani wa kaunta, usawa wa macho ya muuzaji, mahali ambapo mteja haioni.

Mkufunzi wa matumizi salama ya simu na kompyuta,
Dar es Salaam